Muhuri wa Parokia na Jalada la Mkimbizi

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa halmashauri za walei na wajumbe wa Haki na Amani wa parokia



Tumeombwa tuzungumze juu ya huduma kwa waomba hifadhi. Huenda mlitarajia tuwaeleze habari za kugawa nguo na unga. Kazi hiyo ni njema, nasi tumeifanya. Lakini leo tungependa kusema habari ya karatasi moja yenye muhuri wa parokia, na jinsi karatasi hiyo ilivyotufanya sisi, tuliozaliwa na kulelewa ndani ya Kanisa, tuanze kulitazama Kanisa letu kwa mashaka. Hatusemi haya ili kumfedhehesha mtu. Ndiyo maana hatutataja jina la parokia hiyo, wala la padre, wala la mkimbizi yeyote.

Jinsi tulivyoingia katika kazi hii

Wenye umri wetu wanakumbuka siku zile mbili za mwisho wa Aprili 1994, tarehe 28 na 29, watu wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Kambi ya Benaco ikajaa kabla watu hawajapata hata wa kuwahesabu. Katika umati huo walikuwamo wanawake, watoto na wazee wasio na hatia. Walikuwamo pia watu waliokuwa wametoka kuua. Wote walikula mahindi yale yale na kuteka maji katika foleni ile ile. Mwezi Desemba 1996 Serikali yetu, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na karibu nusu milioni wakarudi, wengi wao bila kupenda.

Baada ya hapo, Mnyarwanda aliyetaka kubaki, au aliyerudi kwao kisha akakimbia tena, ilimpasa kujieleza peke yake, mtu mmoja mmoja. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, iliyochukua mahali pa ile ya 1965, iliunda kamati ya taifa ya kusikiliza maombi na kumshauri Waziri wa Mambo ya Ndani. Mkulima aliyesoma hadi darasa la nne alitakiwa aweke maisha yake yote katika kurasa tatu au nne zenye mpango. Hapo ndipo sisi tulipoombwa kusaidia. Tulikuwa watano: walimu wawili, muuguzi mstaafu, katekista mmoja, na kijana aliyekijua vizuri Kinyarwanda. Tulipewa chumba nyuma ya ghala la parokia, meza, benchi, na kabati lenye kufuli. Ufunguo wa pili wa kabati hilo ulikaa ofisi ya parokia. Tunaomba mkumbuke ufunguo huo.

Kazi yenyewe ilitufundisha mengi ambayo hakuna semina iliyotufundisha. Kwa mfano, mtu aliyepatwa na mabaya hakumbuki tarehe. Ukimwuliza ilikuwa siku gani, atakutajia siku yoyote ili akuridhishe, na kesho atakutajia nyingine, na afisa atakayesoma ataandika pembeni kwamba maelezo yanapingana. Basi tulijifunza kuuliza kama maharagwe yalikuwa yamekwisha vunwa, au mvua ilikuwa imeanza, au Pasaka ilikuwa imepita. Pasaka ya 1994 iliangukia tarehe 3 Aprili. Ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa usiku wa Jumatano iliyofuata, tarehe 6. Kwa hiyo tulisikia tena na tena maneno ya namna moja: kwamba waliokuwa pamoja katika Misa ya Pasaka, baadhi yao walikuwa wakiwawinda wenzao kabla ya Jumapili ya pili.

Tulijifunza pia kuogopa maneno mepesi. Siku moja kijana wetu alitafsiri kwamba majirani walikuwa wakienda kazini kila asubuhi na kurudi jioni wakiimba. Mwalimu aliyekuwa akiandika aliandika hivyo hivyo, kisha akauliza ni kazi gani. Yule mama aliyekuwa akihojiwa alimtazama kwa muda mrefu. Katika siku zile, waliochochea mauaji waliyaita mauaji hayo kazi, na mapanga wakayaita vyombo vya kazi. Tulirudi nyuma tukasoma upya majalada sita tuliyokwisha kuyafunga, maana huenda neno hilo lilikuwamo nasi tukalipita.

Mama asiyeingia kanisani

Katika mwaka 1999 alikuja mama mmoja mjane ambaye alikataa kuingia chumbani kwetu. Alisema angoje nje. Tulidhani anaogopa watu, tukasubiri wenzake waondoke, tukamwita tena. Akakataa. Hatimaye muuguzi wetu alitoka, akakaa naye chini ya mparachichi, na huko ndiko maelezo yake yote yalikoandikwa, kwa siku nne. Hakuwa na ugomvi na chumba. Ili kufika kwetu ilibidi kupita ubavuni mwa kanisa, karibu na mlango wa sakristia, na yeye alikuwa amekwisha kimbilia kanisani mara moja katika maisha yake.

Wapo kati yenu waliokuwa bado watoto wakati huo, kwa hiyo yafaa tuseme kwa uwazi yaliyotokea, maana yamethibitishwa mahakamani. Katika parokia ya Nyange, Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisani. Tarehe 16 Aprili 1994 jengo hilo liliangushwa juu yao kwa tingatinga. Padre aliyekuwa akiongoza parokia, Athanase Seromba, hakuzuia. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha, hapa kwetu, ilimhukumu mwaka 2006 kifungo cha miaka 15. Aliporufani, mwaka 2008 majaji wa rufani walikiongeza kikawa kifungo cha maisha, kwa kuwa waliona alishiriki hasa katika tendo lenyewe. Kabla ya kujisalimisha mwaka 2002 alikuwa ametumikia kama padre huko Italia, katika jimbo la Florence, kwa jina lisilo lake. Mtu hapati nafasi ya namna hiyo bila kupokewa na watu wa Kanisa.

Wala si kwetu Wakatoliki tu. Huko Mugonero, wachungaji wa Kiadventista waliokuwa wamejificha pamoja na waumini wao walimwandikia barua kiongozi wao, mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, wakimwarifu kwamba wangeuawa siku inayofuata na kumsihi awaombee kwa wakuu wa serikali. Waliuawa. Mchungaji huyo alikamatwa Marekani, akaletwa Arusha, na mwaka 2003 akahukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa kusaidia mauaji ya kimbari.

Haki yadai tutaje na upande mwingine. Huko Gisenyi, Félicité Niyitegeka aliwaficha watu na kuwavusha mpaka usiku usiku. Kaka yake, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alipomsihi aondoke peke yake alikataa, akauawa pamoja na wale aliowaficha. Mapadre na watawa wengi waliuawa kwa sababu hawakutaka kuwaacha watu. Tulizoea kuwataja hao kwanza kila tulipoulizwa habari za Rwanda. Siku moja yule mama wa chini ya mparachichi alimwuliza muuguzi wetu, kwa upole kabisa, kwa nini kila Mkristo akielezwa habari za wauaji hujibu kwa kutaja wafia dini. Muuguzi hakuwa na jibu. Tangu siku hiyo tumejizuia, ingawa leo, kama mlivyosikia, tumetaja tena.

Barua

Sasa tufike kwenye barua. Mnajua desturi yetu: Mkristo akihama huomba barua kwa paroko wake. Huwa ni mistari minne: fulani ni mwamini wa parokia hii, amebatizwa, anashiriki sakramenti, mwenendo wake ni mwema, tafadhali mpokeeni. Kisha sahihi na muhuri. Katika maisha ya parokia barua hiyo ni salamu tu. Lakini ikiingia katika jalada la mwomba hifadhi hubadilika, ikawa ushahidi. Afisa aliye mbali, asiyemjua mtu wala kijiji chake, huona muhuri wa Kanisa na kuegemea hapo.

Na lazima aegemee mahali fulani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 humlinda mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa ajili ya rangi, dini, utaifa, kundi lake katika jamii, au maoni yake ya kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ukapanua mlango huo kwa wanaokimbia vita na machafuko makubwa. Aliyekimbia usiku hana hati, kwa hiyo desturi ni kwamba maneno yake yakishikamana, apewe faida ya shaka. Lakini mikataba yote miwili inasema kwamba ulinzi huo haumhusu mtu ambaye zipo sababu nzito za kudhani kwamba alitenda uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu. Ukarimu ule ule unaomwokoa mjane unaweza kumfunika aliyemfanya mjane. Mwenye kuandika barua yupo katikati ya mambo hayo mawili, hata kama yeye adhani anaandika salamu.

Mwaka huo huo wa 1999 alikuja mwanaume mmoja wa makamo, mwenye adabu, aliyejua Kilatini cha Misa na Kiswahili safi. Alikuwa na barua ya padre wetu iliyosema kwamba anafahamika vema na kwamba mwenendo wake hauna doa. Tulimsaidia kwa furaha. Kusema kweli, jalada lake lilikuwa zuri kuliko yote tuliyowahi kuandaa: tarehe zilipangika, majina yalipangika, hakuna pengo. Leo jalada la namna hiyo lingetufanya tuulize zaidi. Siku ile lilitupumzisha.

Alipokuwa akitoka, yule mama alikuwa chini ya mparachichi wake. Alisimama, akaondoka bila kusema neno. Akarudi baada ya wiki moja, akaeleza kwamba alimwona mtu huyo mwaka 1994 katika kizuizi cha barabarani karibu na kanisa la kwao, akiwa na karatasi mkononi, akisoma majina.

Sikilizeni vizuri, ndugu zetu. Hatukujua kama ni kweli. Hata leo hatujui. Miaka mitano ilikuwa imepita, na macho ya mtu aliyeumizwa yanaweza kukosea. Kazi yetu haikuwa kuhukumu. Ilikuwa kuandika alichosema na kukifikisha kwa wenye mamlaka ya kuchunguza. Mama alikubali, kwa sharti moja tu: maneno yake yasomwe na kamati ya serikali, yasisomwe na mtu yeyote wa Kanisa. Tuliahidi. Tukayaweka katika kabati.

Kisha wawili kati yetu tukaenda kwa padre. Hatukumtaja mama. Tulimwuliza tu alimfahamuje yule aliyemwandikia barua. Akajibu bila kuficha kwamba hakumfahamu. Aliletewa ombi na padre mwenzake, naye hakuona sababu ya kumkatalia ndugu yake katika upadre. Kuna mtu atakayeuliza kama tulitaka padre avunje siri ya kitubio. La hasha! Barua haikuhusu kitubio. Ilisema kwamba anamfahamu mtu, na hakumfahamu. Tulipomwomba aandike barua nyingine ya kusahihisha ile ya kwanza, alinyamaza, kisha akasema tusije tukalivua Kanisa nguo mbele ya watu. Siku mbili baadaye tuliitwa na mmoja wa wakubwa wa halmashauri yetu ya walei. Mlei, si padre. Alitutaka tuyaondoe katika kabati maelezo yoyote yanayoweza kuleta fitina.

Nasi tuliyaondoa. Hatuwezi kusimama mbele yenu na kulaumu wengine bila kusema hili. Tuliyatia katika bahasha, tukayapeleka nyumbani kwa mmoja wetu, tukaambiana kwamba tunayalinda. Yakakaa huko wiki saba, wakati jalada la yule bwana, pamoja na barua yake, lilikuwa njiani kwenda Dar es Salaam. Hakuna aliyetufunga mikono. Tuliogopa kutengwa, tuliogopa kupoteza chumba, na mmoja wetu alikuwa na mtoto anayengoja nafasi seminari ndogo.

Katika wiki ya tatu yule bwana alikwisha jua kwamba kuna mwanamke anayesema habari zake. Ni nani aliyemwambia, hatujui mpaka leo. Karatasi zilikuwa zimekaa siku kadhaa katika kabati lenye funguo mbili, na waliojua kwamba zipo walikuwa wachache, wote Wakristo wa parokia moja. Mama alihama usiku kutoka nyumba aliyopanga. Asubuhi alimtuma mtoto achukue nakala zake. Hakutuma lawama yoyote. Baadaye, kwa kupitia muuguzi wetu, ambaye ndiye pekee aliyeendelea kumwamini, alituruhusu tena tuyapeleke maelezo yake. Tukayapeleka. Tulijibiwa kwamba yule bwana hakufika kwenye mahojiano yake na hajulikani alipo. Yeye mama alikubaliwa kuwa mkimbizi. Tulizipata habari hizo kwa afisa wa wilaya.

Imani na imani

Kiswahili chetu kinatumia neno moja, imani, kwa mambo mawili: imani tuliyo nayo kwa Mungu, na imani tunayokuwa nayo juu ya mtu au nyumba fulani. Mmoja wa wale walimu, katika kikao, alisema amepoteza imani na parokia. Walioongoza kikao walisikia kwamba amepoteza imani, wakamshauri ahudhurie mafungo. Hakuhitaji mafungo. Alisali kuliko sisi sote. Alichokosa ni mahali ambapo angeweza kumpeleka mtu aliye hatarini akalala usingizi. Alihamia parokia nyingine, na kijana wetu wa Kinyarwanda aliacha kabisa kuja kanisani. Tunalitaja hilo kwa sababu taarifa ya parokia ya mwaka ule iliandika tu kwamba kamati ya wakimbizi imepungukiwa wajumbe wawili.

Kanisa lenyewe limechukua muda mrefu kupata maneno. Mwezi Machi 1996 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika kwamba Kanisa kama Kanisa haliwezi kubebeshwa makosa ya wana wake waliotenda kinyume cha Injili, ila waliokosa wakubali kujibu kwa matendo yao. Tuliyasoma maneno hayo mara nyingi wakati ule. Sehemu ya kwanza ilikaririwa sana katika mikutano. Ile ya pili, kwamba waliokosa wajibu, hatukuisikia ikikaririwa. Novemba 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha kwa barua iliyosomwa parokiani kote. Tarehe 20 Machi 2017 Baba Mtakatifu Fransisko, akimpokea Rais wa Rwanda huko Vatikano, aliomba msamaha wa Mungu kwa ajili ya dhambi na mapungufu ya Kanisa na ya watu wake, mapadre na watawa wakiwamo. Tulikuwa nyumbani kwa muuguzi wetu, mzee sasa, tulipozisikia habari hizo katika redio. Alisema angependa kujua kama yule mama naye amesikia.

Tunaulizwa kwa nini sisi wengine tulibaki. Hatuna jibu moja. Katekista alisema hana pengine pa kwenda. Wengine tulibaki kwa sababu waomba hifadhi waliendelea kuja, kutoka Burundi na kutoka Kongo, na wangekuta chumba kimefungwa. Lakini hatukubaki kama tulivyokuwa. Kanuni ya 212 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema kwamba waamini wana haki, na mara nyingine wajibu, kuwaeleza wachungaji wao maoni yao juu ya yaliyo mema kwa Kanisa. Kabla ya hapo tulikuwa tukiifundisha kanuni hiyo katika semina. Sasa tuliitumia: tulimwandikia Askofu kurasa mbili, na kosa letu la bahasha tukaliweka ukurasa wa kwanza. Alituita, akatusikiliza kwa saa mbili. Hakutuahidi mengi. Ufunguo wa pili wa kabati ulirudishwa kwetu wiki hiyo hiyo.

Tangu hapo tumeweka utaratibu, nao tunauleta kwenu. Barua ya parokia kwa ajili ya jalada la hifadhi iseme aliyeandika amemfahamu mhusika tangu mwaka gani na kwa njia gani. Kama hamfahamu, barua iseme kwamba imeandikwa kwa ombi la mtu mwingine, na mtu huyo atajwe. Sifa za mwenendo zisiwemo, isipokuwa mwandishi ameziona kwa macho yake. Nakala ibaki, iandikwe namba katika daftari. Maelezo ya mwomba hifadhi yasikae ofisi ya parokia hata siku moja. Na mtu asiyetaka kuingia kanisani ahojiwe nje, bila kuulizwa sababu. Mapadre kadhaa walilalamika kwamba barua za namna hiyo ni kavu, hazina upendo. Ni kweli ni kavu.

Tumeleta daftari letu la barua, lipo mezani, mnaweza kulitazama wakati wa chai. Baada ya mapumziko tungependa kila parokia iseme mambo mawili tu: kwenu muhuri unakaa wapi, na ni nani aliyeutumia mara ya mwisho.